Mkono Uliogoma

Toleo hili tunazungumzia presha. Siyo ile presha ya kupanda na kushuka ya wazee wetu, hiyo ina somo lake. Tunazungumzia presha inayokukamata mbele za watu. Umesoma wiki nzima, karatasi ya mtihani inafunguliwa, kichwa kinakuwa cheupe. Au mwalimu anakuinua usome kwa sauti na koo linakauka. Au ni fainali ya mashindano ya shule, penalti ya mwisho ni ya kwako, na miguu uliyotembea nayo tangu utoto unaiona kama ya kuazima.

Ukiwaeleza wenzako, wengi wana jibu moja tu: "Komaa!" Nyumbani nako utaambiwa ujikaze. Sina ugomvi na maneno hayo. Ila tukiyasema huwa hatuelezi mtu akomae vipi, na kuna kukomaa kwingine kunakozidi kumzamisha mtu. Ndiyo maana leo tutamsoma mtu mmoja ambaye alijaribu karibu kila aina ya kukomaa. Anaitwa Rick Ankiel, Mmarekani, mchezaji wa kulipwa wa besiboli. Wengi wenu hamjapata kumsikia, na haidhuru.

KWANZA, MCHEZO WENYEWE

Besiboli haichezwi sana kwetu, kwa hiyo vumilia aya mbili. Katikati ya uwanja kuna kilima kidogo cha udongo. Juu yake anasimama mrushaji. Mbele yake, kama mita 18 na nusu, amesimama mpinzani mwenye gongo. Nyuma ya huyo mwenye gongo amechuchumaa mdakaji, ambaye ni mwenzake mrushaji, akiwa na glovu kubwa ya ngozi. Kazi ya mrushaji ni kuupitisha mpira katika dirisha la hewa, upana wake sentimita 43, kimo chake kuanzia magoti ya mpigaji hadi kifuani, kwa kasi inayoweza kufika kilomita 150 kwa saa, na bado amfanye mpigaji apige hewa. Akimshinda, mpigaji huyo anatoka. Wakitoka watatu, awamu imekwisha, timu zinabadilishana.

Akikosa dirisha mara nne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Na mpira ukienda hovyo kiasi kwamba hata mdakaji haukamati, wapinzani waliokwisha kufika kwenye vituo wanakimbia kwenda mbele. Huo tuuite mpira wa kupotea. Mrushaji wa ligi kuu anaweza kucheza mechi nyingi bila kupoteza hata mmoja.

Kumbuka na jambo hili: mchezo hauanzi mpaka yeye arushe. Uwanja mzima unamtazama mtu mmoja.

KIJANA WA FORT PIERCE

Rick Ankiel alizaliwa mwaka 1979 na kukulia Fort Pierce, mji wa pwani katika jimbo la Florida. Nyumbani hakukuwa na amani. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2017 ameeleza mwenyewe kwamba baba yake alikuwa mlevi, mkali, na alimtesa mama yake. Mtoto akawa anakimbilia uwanjani. Pale kwenye kilima hakuna aliyemgusa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kipaji ambacho watu walisafiri kuja kukiangalia.

Mwaka 1997, ndiyo kwanza ametimiza miaka 18 na kumaliza sekondari, timu ya St. Louis Cardinals ilimsaini kwa dola milioni mbili na nusu. Agosti 1999 akaingia ligi kuu akiwa na miaka 20. Msimu wa 2000, wake wa kwanza kamili, alishinda mechi 11 na kuwapigisha hewa wapigaji 194. Magazeti yalimwandika kama mtoto wa ajabu. Wakati huohuo baba yake alikuwa amehukumiwa kwenda gerezani kwa biashara ya dawa za kulevya. Kijana hakuwa akizungumza juu ya hilo. Alirusha mpira tu.

Nadhani baadhi yenu mnamjua mtu wa namna hii darasani. Anafaulu, anacheka, halafu hujui kabisa kwao kukoje.

TAREHE 3 OKTOBA 2000

Sasa twende kwenye siku yenyewe. Ni mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Atlanta Braves. Kocha wa Cardinals, Tony La Russa, alimchagua Ankiel aanze, miaka 21 tu, akipambana na Greg Maddux, mmoja wa warushaji hodari kabisa wa zama zile. La Russa alijua ni mzigo mzito. Ili kumkinga kijana na maswali, alimpeleka mrushaji mwingine, Darryl Kile, akazungumze na waandishi wa habari kana kwamba ndiye atakayeanza.

Mambo yalianza vizuri mno. Cardinals walipata pointi 6 katika awamu ya kwanza tu. Ikafika awamu ya tatu. Ankiel akarusha mpira mmoja, ukateleza, ukampita mdakaji. Mpira mmoja wa kupotea, jambo la kawaida. Lakini ameeleza miaka ya baadaye kwamba palepale wazo likampitia: nimepoteza mpira mbele ya nchi nzima kwenye televisheni. Ni wazo dogo, la sekunde moja.

Baada ya hapo mkono haukumsikiliza tena. Katika awamu ile moja alipoteza mipira 5 na kuwapa wapigaji 4 kituo cha bure. Mipira mingine iligonga ukuta wa nyuma. Mara ya mwisho mrushaji wa ligi kuu kupoteza mipira mitano katika awamu moja ilikuwa mwaka 1890. Kocha akamtoa. Timu ilishinda 7 kwa 5, lakini hakuna aliyekuwa akizungumzia ushindi.

Siku tisa baadaye akapewa nafasi nyingine, dhidi ya New York Mets. Alirusha mipira 20, kadhaa ikaenda juu ya kichwa cha mdakaji, na akatolewa kabla awamu ya kwanza haijaisha.

MWILI UNAFANYA NINI?

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo somo la afya lilipo. Wengine watasema karogwa. Wengine watasema alilegea. Tuangalie mwili.

Unapoogopa, ubongo unaamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni ya adrenalini. Moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, viganja vinatoa jasho. Ni mpango mzuri sana kama unakimbizwa na mbwa. Kwa kazi inayotaka vidole vitulie, ni balaa.

Halafu kuna jambo la pili. Kitu ulichokifanya maelfu ya mara, kama kuandika jina lako au kuendesha baiskeli, mwili unakifanya wenyewe bila kukuuliza. Jaribu leo kushuka ngazi za shule kwa haraka huku ukifikiria kila mguu unavyotua. Utajikwaa. Mtu aliyeshikwa na hofu anaanza kuusimamia mwili wake kama mnyapara: sasa inua mkono, sasa achia vidole. Na mwili uliozoea uhuru unagoma. Wanamichezo wa Marekani hali hii wanaiita yipsi. Inawakumba wacheza gofu, warushaji mishale, hata wapiga muziki. Kwa baadhi ya watu wataalamu wanaona pia hitilafu katika mishipa ya fahamu inayoongoza misuli. Simone Biles, bingwa wa sarakasi, alijiondoa katika mashindano kadhaa ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 kwa hali iliyo jirani na hii: akiwa hewani hakujua tena mwili wake umeelekea wapi.

Kwa hiyo ukisikia kichwa kimekuwa cheupe kwenye mtihani, hujawa mjinga ghafla. Ulichosoma bado kipo. Njia ya kukifikia ndiyo imezibwa kwa muda. Weka kalamu chini. Vuta pumzi kwa pua taratibu, kisha itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta, mara tano au sita. Kuitoa polepole ndiko kunakouambia moyo upunguze mwendo. Kisha anza na swali unaloliweza, hata kama ni la 9.

KUKOMAA KWA CHUPA

Sasa turudi kwa Ankiel. Aprili 2001 alipangwa kuanza mechi dhidi ya Arizona, na mrushaji wa upande wa pili alikuwa Randy Johnson, mtu mrefu kuliko mlango. Ankiel alikuwa ameshikwa na hofu. Miaka mingi baadaye alikiri alichofanya: kabla ya mechi alichukua chupa ya vodka akanywa.

Na alishinda mechi ile.

Ningeweza kuwaficha jambo hili, maana halimfai mwalimu wa afya. Lakini mngekuja kulisikia mahali pengine mkasema tuliwadanganya. Pombe ilimsaidia siku ile. Ndivyo inavyomnasa mtu. Inapoza ubongo, wasiwasi unashuka, unajiona umepona. Ikiisha mwilini wasiwasi unarudi ukiwa mkubwa kuliko ulipoanzia, na dozi ya jana haitoshi tena. Ankiel mwenyewe anasimulia alivyokaa benchi siku ile akiwaza kwamba ni wendawazimu kulazimika kunywa ili aweze kurusha mpira.

Haikuchukua muda. Kufikia Mei alikuwa ameshusha kiwango kabisa, katika awamu 24 ametoa vituo vya bure 25, timu ikampeleka daraja la chini huko Memphis. Kule hali ikawa mbaya zaidi: awamu nne na kidogo, vituo vya bure 17, mipira ya kupotea 12. Hebu soma tena tarakimu hizo.

Najua shuleni chupa siyo vodka. Ni kiroba cha kuficha soksini, ni msokoto wa bangi nyuma ya choo "ili kichwa kifunguke", ni mirungi au vidonge vya kukesha. Anayekuambia vinasaidia huenda hasemi uongo kuhusu usiku wa kwanza. Muulize habari ya mwezi wa tatu.

KAMJI KADOGO, NA SIMU YA KILA SIKU

Timu ikamshusha tena, mpaka ngazi ya chini kabisa, kwa vijana wanaoanza, katika mji mdogo wa Johnson City, Tennessee. Kwa mtu wa milioni mbili na nusu ilikuwa aibu. Lakini angalia kilichotokea: mbele ya watazamaji wachache, bila kamera, mkono ulitii. Aliwashinda wapigaji ovyo ovyo. Na siku ambazo hakurusha walimpa gongo, akapiga mipira 10 iliyovuka ukuta wa uwanja. Lishike jambo hilo la gongo, tutalirudia.

Katika kipindi hicho aliyemshika mkono alikuwa Harvey Dorfman, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mshauri wa saikolojia wa wanamichezo. Walizungumza kwa simu mara kwa mara, karibu kila siku. Na si kwamba walizungumza juu ya kurusha mpira tu. Dorfman alimuuliza habari za baba yake. Kwa mara ya kwanza Ankiel akasema yaliyokuwa yakitokea nyumbani kwao: kelele za usiku, hofu ya mlango kufunguliwa. Ameandika kwamba mzee huyo alikuja kuwa kama baba kwake, mpaka Dorfman alipofariki mwaka 2011.

Je, mazungumzo yale yaliponya mkono? Hapana, na sitaki uende na picha kwamba ukiongea na mshauri leo kesho utaamka mpya. Mkono uliendelea kugoma. Lakini ile aibu ya kuamini kwamba yeye ni mtu mbovu ilianza kupungua, na chupa aliweza kuiweka mbali. Mimi naona hapo ndipo alipookolewa, zaidi ya siku nyingine yoyote katika hadithi hii, ingawa hakuna aliyepiga makofi.

Sasa wewe mdogo wangu unayesoma hapa na nyumbani kwenu kuna mtu anayepiga, au anayekushika mahali asipopaswa. Msemo wa siri ya nyumba haitoki nje haukutungwa kwa ajili ya mambo hayo. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini: shangazi, mwalimu wa malezi, matroni, kiongozi wa dini, muuguzi wa zahanati. Wa kwanza akikupuuza, nenda kwa wa pili. Tanzania, Kenya na Uganda kuna simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, ni ya bure. Na kama hofu au huzuni inakaa wiki nyingi, hulali, huli, au unawaza kwamba bora usingekuwepo, hiyo ni sababu kamili ya kwenda kituo cha afya, kama vile ungekwenda kwa homa isiyoisha. Usingoje shule ifungwe.

KIWIKO, MSIBA, NA TAREHE 9 MACHI

Mikosi haikuisha. Mwaka 2002 kiwiko kiliuma asicheze kabisa. Juni mwaka huo, Darryl Kile, yule aliyewakabili waandishi kwa niaba yake, alikutwa amefariki katika chumba cha hoteli mjini Chicago kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Alikuwa na miaka 33. Ankiel alimpenda kama kaka.

Mwaka 2003 akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Daktari huchukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuipandikiza badala ya ile iliyochanika. Ulibuniwa na daktari Frank Jobe mwaka 1974, na mgonjwa wake wa kwanza, mrushaji Tommy John, alirudi akashinda mechi 164 baada ya hapo. Mrushaji huhitaji mwaka mzima au zaidi wa mazoezi kabla ya kurudi kazini. Ankiel alisubiri. Septemba 2004 akarudi ligi kuu, akarusha awamu 10 na kutoa kituo cha bure kimoja tu!

Kama hii ingekuwa filamu ingeishia hapo. Kijana kaanguka, kakomaa, kashinda, watu wanalia. Lakini mwaka uliofuata, kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, akahisi lile dude linarudi. Aliliita zimwi. Kila mpira ulikuwa vita, usiku halali, furaha hakuna. Tarehe 9 Machi 2005, akiwa na miaka 25, akatangaza kwamba hatarusha tena.

Ameacha! Baada ya miaka minne na nusu ya kukomaa, ameacha. Ungekuwa rafiki yake ungemwambia nini?

Timu haikumfukuza. Wakakumbuka lile gongo. Walimpa nafasi ajifunze kuwa mpigaji, na anapolinda, akae kule mbali kabisa karibu na ukuta, kwa wale wachezaji watatu wanaosubiri mipira iliyopigwa juu. Ilimaanisha kuanza chini tena na vijana wadogo kwake, kazi ambayo wenzake walikuwa wameifanya tangu wana miaka 18. Kuna waliocheka. Mwaka 2006 goti likaharibika, msimu mzima ukapotea.

TAREHE 9 AGOSTI 2007

Msimu wa 2007 alipiga mipira 32 ya kuvuka ukuta huko Memphis. Agosti 9 wakamwita St. Louis. Alipotoka na gongo mara ya kwanza uwanja mzima ulisimama, watu wale wale waliomwona akiumbuka mwaka 2000. Awamu ya saba, wenzake wawili wakiwa vituoni, akaupiga mpira ukavuka ukuta wa kulia. Pointi tatu. Kocha La Russa, mzee asiyecheka ovyo, alionekana akipiga makofi na kutabasamu kama mtoto wa sikukuu.

Mwaka uliofuata alipiga 25. Na Mei 2008, mjini Denver, katika mechi moja aliwatoa wakimbiaji wawili kwa kurusha mpira kutoka nyuma kabisa ya uwanja mpaka kituo cha tatu, bila mpira kugusa chini, ukatua kwenye glovu. Mkono ule ule. Ule ulioshindwa mita 18 ulikuwa ukipiga shabaha kutoka mbali mara kadhaa zaidi. Maoni yangu ni kwamba kule nyuma hakuwa na muda wa kuwaza: mpira unakuja, unadaka, unarusha, basi. Kwenye kilima kulikuwa na ukimya wa kuwaza.

Ila tusimfanye malaika. Septemba 2007, katikati ya furaha ile, gazeti moja la New York liliandika kwamba mwaka 2004 alikuwa amepokea homoni ya ukuaji. Alisema aliandikiwa na daktari baada ya upasuaji wa kiwiko. Ligi ilikuwa haijaipiga marufuku wakati huo, iliipiga marufuku mwaka 2005, na baada ya uchunguzi haikumwadhibu. Bado watu wengi walimtazama kwa jicho jingine. Ninalitaja kwa sababu siku hizi kwenye gimu za mtaani wapo wanaouza sindano na unga wa kujaza misuli. Homoni hiyo hutolewa hospitalini kwa wenye upungufu. Kwa mtu mzima wa afya inaweza kuleta uvimbe, maumivu ya viungo na kuvuruga sukari mwilini, na sindano ya kuchangia ina hatari zake unazozijua.

Ankiel alicheza mpaka 2013, akapita timu kadhaa, akafikisha mipira 76 ya kuvuka ukuta. Tangu Babe Ruth, nguli wa miaka ya 1920, hakuna aliyekuwa ameshinda mechi 10 kama mrushaji na kupiga zaidi ya 50 kama mpigaji. Alipostaafu, timu ya Washington Nationals ilimpa kazi ya kukaa na wachezaji vijana na kuzungumza nao kuhusu maisha. Mwaka 2018, akiwa na miaka 39, alitangaza kwamba anataka kujaribu tena kurusha. Kiwiko kikataka upasuaji mwingine, na ligi kuu hakurudi.

NA ASIYERUDI JE?

Kabla hujasema "basi ukikomaa utafanikiwa tu", kutana na Steve Blass. Mwaka 1971 alikuwa shujaa wa fainali, akiipa Pittsburgh Pirates ushindi katika mechi mbili. Mwaka 1973 mkono wake nao uligoma, bila jeraha lolote. Alijaribu kila ushauri aliopewa. Hakupona, akaacha mwaka 1975. Wamarekani wakaupa ugonjwa huo jina lake, jambo ambalo naona ni ukatili kidogo. Baadaye alipata kazi ya kutangaza mechi za Pirates redioni na kwenye televisheni, na aliifanya mpaka 2019, zaidi ya miaka 30. Blass alikomaa pungufu ya Ankiel? Mimi sioni hivyo. Hakupata gongo, alipata maikrofoni.

KAZI YA KLABU

Kaeni watu watano au sita, wavulana na wasichana, na mwalimu wa klabu akae pembeni asikilize. Kwanza kila mmoja aseme jambo moja ambalo mwili wake hufanya akiwa na hofu mbele za watu. Hakuna kucheka. Kisha jadilini haya:

Juma (siyo jina la mtu wa kweli) yuko Kidato cha Nne. Amefeli hesabu mara tatu katika majaribio ingawa nyumbani anayafanya maswali yale yale na kuyapata. Baba yake amesema akifeli tena asirudi nyumbani. Rafiki yake amempa vidonge vya kukesha. Je, Juma anahitaji kusoma zaidi, au anahitaji kitu kingine? Nani wa kuzungumza na baba yake, na aanze kwa maneno gani? Igizeni mazungumzo hayo, mmoja wenu awe baba, na baba asikubali haraka.

Mwisho, lumbaneni: tarehe 9 Machi 2005, Ankiel alikata tamaa au hakukata? Kundi moja litetee upande huu, jingine upande ule, dakika kumi kila kundi, kisha badilishaneni.